Kidole cha Kumpa Mtoto Jina

Mimi na Adeke tuliolewa na mwanamume mmoja, marehemu Emukule, dereva wa lori, na mtu asiwadanganye kwamba wake wenza hupendana kama ndugu. Tuligombana kwa sababu ya kuni, tukagombana kwa sababu ya kuku, na Emukule alipokufa tukagombania nani alie kwa sauti kubwa zaidi. Yeye ni Mteso wa hapa hapa Malaba. Mimi Nanjala ni Mluhya wa Nambale, mke wa pili, na mdomo wangu unajulikana hadi ng'ambo ya mpaka, kule Uganda. Kwa hivyo nikiwaambia kwamba mwaka huu nilimlilia Adeke machozi ya kweli, mjue sipambi maneno.

Adeke alikuwa mlevi. Wateso wana pombe yao ya wimbi inayoitwa ajono. Watu huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, wanavuta polepole wakipiga gumzo. Ni kitu cha heshima kikikaa mahali pake. Lakini tangu tumzike mume wetu, mwenzangu alikuwa anaanza asubuhi kabla ya chai, na chungu kikikauka anatafuta chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Nilimwambia, akaniambia nishughulike na mambo ya kwetu Nambale. Basi nikanyamaza, nikamwachia Mungu.

Kisha mwanawe wa pekee, Elungat, akapata mtoto wa kiume. Elungat ni ajenti wa kupitisha mizigo hapa mpakani, kijana mpole, hata matusi ya madereva hayamtoi maneno. Siku Adeke alipoenda kumwona mjukuu alikuwa amelewa chakari. Alijikwaa mlangoni akiwa amenyoosha mikono ampokee mtoto, akaanguka kifudifudi. Gentrix, mke wa Elungat, alimvuta mtoto kifuani akarudi nyuma mpaka ukutani. Hakuna aliyeumia, lakini niliona macho ya yule msichana, na hofu niliyoiona humo sikuipenda hata kidogo.

Hapa lazima niwaeleze mila. Katika ukoo huu, mtoto hupewa jina na nyanya yake mzaa baba. Nyanya huchovya kidole, humwekea mtoto mdomoni, halafu huita majina ya watu wa ukoo waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atanyonya kidole likiitwa, ndilo lake. Elungat akamwambia mama yake, kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, tutakungoja. Ukiacha pombe, wewe ndiye utampa jina, na ukishampa jina utamshika utakavyo. Usipoacha, hutamshika." Adeke akaapa ameacha. Sisi tukapiga makofi, na mtoto tukawa tunamwita Mgeni. Na katika watu wote tuliokuwa pale, watu wazima wenye akili zao, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kidole chenyewe huchovywa kwenye ajono. Haki, Mungu atusamehe ujinga wetu.

Adeke hakungoja kesho. Alimwaga kilichokuwa chunguni, akajifungia nyumbani. Kesho yake nilipomwita hakuitika, nikasukuma mlango. Nilimkuta akitetemeka kitanda kizima kinalia, jasho linamtoka, anaongea na Emukule kana kwamba yuko chumbani. Nilipiga kelele, boda boda ikaja, tukamweka katikati yangu na dereva mpaka zahanati. Muuguzi wa pale, Wandera, alinigombeza mimi badala ya mgonjwa. "Mama, mtu anayekunywa kila siku haachi ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kufa. Mngemleta kwanza." Alimlaza, akampa dawa, na hakumruhusu kutoka mpaka mitetemo mikubwa ilipoisha. Siku ya kumruhusu alimwambia, "Kiu itakuja. Itapanda, itapanda, halafu itashuka yenyewe. Usibishane nayo. Ipe mikono yako kazi mpaka ipite, na ukiona inakushinda, njoo hapa."

Nilimhamishia kwangu. Nani mwingine angemchukua? Nikajuta kabla ya chakula cha mchana. Ugali wangu ni mgumu, paka wangu anamwangalia vibaya, redio yangu inapiga kelele. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja hata hiyo ya tatu, nilimpa ungo na maharagwe achambue.

Asubuhi alikuwa mtu. Shida ilikuwa alasiri, saa ile watu wa jirani wanapoanza kukusanyika kwenye vyungu na kicheko chao kinasikika mpaka kwangu. Hapo moyo wake ulikuwa unaanza kwenda mbio. Anashika kifua, anaangalia njia, viganja vimelowa. "Nanjala, kuna nani amekufa?" Hakuna aliyekufa. "Basi kuna jambo baya linakuja." Hakuna jambo linakuja, chambua maharagwe. Mwanzoni nilidhani anaigiza ili nimwonee huruma. Siku moja nikamshika mkono nimkemee, nikasikia vile mapigo ya moyo yanavyogonga kwenye kifundo cha mkono, nikaona aibu. Yule mama alikuwa anaogopa kweli, na hakujua anaogopa nini.

Tukajifunza pole pole. Barabara kuu inapita chini ya boma letu, na malori hukaa kwenye foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Hofu ikimshika, namwambia, "Haya, mke wa dereva, lile limebeba nini?" Naye anakaza macho. Lile lililofungwa turubai la bluu na matairi yamelala, hiyo ni saruji. Lile linalotembea taratibu na hata hivyo linaruka kwenye mashimo, hilo ni tupu, dereva ana usingizi. Alikuwa anajua mambo hayo kwa Emukule, na mimi, mke mdogo niliyedhani nilipendwa zaidi, Emukule hakuwahi kunieleza hata moja. Iliniuma kidogo, siwafichi. Lakini akifika lori la tano au la sita, pumzi ilikuwa inarudi mahali pake, na tunanywa uji.

Kuna siku alikaribia kunishinda. Alivaa viatu akasema anaenda kuomba chumvi kwa jirani. Mimi na mdomo wangu nikamwambia, "Chumvi iko kwa meza, na jirani unayemtaka hauzi chumvi." Alinitukana kwa Kiteso, matusi ambayo nashukuru sikuyaelewa yote. Halafu akavua viatu, akakaa mlangoni, akalia. Nikakaa kando yake.

Basi wiki zikapita, akanenepa mashavu, macho yakawa meupe. Elungat akaja, akamtazama mama yake kwa muda mrefu, akasema, "Mama, Jumamosi tumpe mtoto jina." Adeke alicheka mpaka akaziba mdomo kwa leso. Aliazima kitambaa changu kizuri cha kichwa bila kuniuliza.

Ndipo akaja shangazi Akisa. Akisa ni dada ya marehemu mume wetu, na mambo ya mila ya ukoo yako mikononi mwake. Alikuja kutuambia kwamba ajono ya Jumamosi ameshaipika yeye mwenyewe kwake, imechachuka vizuri. Ndipo nikakumbuka kidole huchovywa wapi. Nikasema, "Akisa, si tutumie uji wa wimbi? Wimbi ni wimbi."

"Uji?" Akaniangalia kama nimemtemea mate. "Mtoto wa Kiteso apewe jina kwa uji? Kwani tunamwachisha ziwa? Nanjala, haya si mambo ya Nambale."

"Huyu ametoka zahanati juzi juzi!"

"Nani amemwambia anywe? Ni tone moja kwenye kidole. Tone si kunywa. Hiyo ni mila."

Nikamgeukia Adeke anisaidie. Alikuwa anaangalia mikono yake. "Nitaweza," akasema. "Akisa anasema kweli, ni tone tu." Niliisikia sauti yake na sikuiamini, lakini angalieni, mtoto alikuwa amengoja, Elungat alikuwa amengoja, na huyu mama alikuwa ameteseka kwa sababu ya kidole hicho kimoja. Mimi ni nani nimwambie asiende?

Jumamosi boma la Elungat lilijaa. Chungu cha Akisa kiliwekwa katikati ya nyumba, povu limekaa juu, na harufu yake, hata mimi nisiyekunywa, ilinifanya nimeze mate. Akisa akachota kwa kibuyu kidogo, akakiweka mbele ya Adeke. Gentrix akakaa karibu, mtoto mikononi. Hakuwa amempa Adeke bado, alikuwa amemshika kwa nguvu, na simlaumu.

Adeke akanyoosha kidole juu ya kibuyu.

Kidole kilisimama hapo. Nilikuwa nimekaa mkabala naye, nikamwona akikikazia macho kibuyu. Jasho lilitoka chini ya kitambaa changu likateremka shavuni. Akisa akasema, "Chovya, mama, mtoto anangoja." Watu wakatabasamu. Mimi nilianza kuomba kimoyomoyo kwa Kiluhya, kwa sababu nikishikwa kweli Kiswahili hunikimbia.

Adeke akarudisha mkono, akauweka kwenye paja na kuubana kwa ule mwingine.

"Siwezi," akasema. Hakunong'ona, alisema watu wote wasikie. "Kidole hiki kikiingia humo, kitatoka kwa mtoto kiingie kwa mdomo wangu. Nakijua. Na kikishaingia kwa mdomo wangu, leo jioni mtanikuta kwenye chungu, na kesho, na keshokutwa."

Elungat aliinamisha kichwa. Nilimwona Adeke akimtazama yule mtoto, na uso wake ulikuwa na uchungu wa mtu anayeacha kitu chake barabarani akijua hatarudi kukichukua. Halafu akaniita. "Nanjala, njoo ukae hapa."

"Mimi?"

"Wewe. Kwani umeanza kuwa kiziwi?"

Akisa akaruka. "Huyo ni Mluhya! Hajazaa hata mtu mmoja katika boma hili!"

Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo maana yalinichoma. Nilitaka kusimama niondoke. Lakini Adeke, ambaye kwa miaka mingi ndiye alikuwa wa kwanza kunikumbusha jambo hilo, alisema, "Ni mke wa Emukule. Ng'ombe wa mahari walitoka boma letu wakaenda kwao Nambale, na wewe Akisa ulikuwa mmoja wa waliowasindikiza. Mtoto huyu ni mjukuu wake kama alivyo wangu. Kaa, Nanjala."

Nikakaa. Machozi yalikuwa yananitoka, kamasi pia, sioni vizuri hata kibuyu kiko wapi. Adeke alitoka akasimama mlangoni, mahali upepo unapita, na akaanza kuita majina kutoka huko. Nilichovya kidole, nikamwekea mtoto mdomoni. "Omoding," akaita Adeke. Mtoto akageuza uso, akalia. Nikachovya tena. "Emukule," akaita, na sauti ikamkatika kidogo mwishoni. Yule mtoto akakamata kidole changu kwa fizi zake, akanyonya, akanyonya, nguvu ile sijui aliitoa wapi. Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Hata Akisa alipiga, tena kwa sauti kuliko wote.

Watu wakavuta viti kuzunguka chungu, mirija ikatolewa. Mimi nikatoka nje na mkono wangu nimeuinua, sijui niufute wapi. Adeke alikuwa ameshachukua jagi la maji na sabuni ya kipande. "Usipanguse kwa nguo, harufu itabaki," akasema. Akakinawisha kidole changu yeye mwenyewe, kwa nguvu, mpaka kwenye kucha, kichwa ameinamisha pembeni ili asivute ile harufu. Nilimwambia pole. Akaniambia ninyamaze. Alikuwa amekonda uso ghafla, kama siku ile alipotoka zahanati.

Nikasikia hatua nyuma yetu. Ni Gentrix, amebeba mtoto. Amewaacha wageni wote ndani.

"Mshike, mama," akamwambia Adeke.

Adeke akarudi nyuma hatua moja. "Si mimi niliyempa jina. Tulikubaliana nikimpa jina."

"Nimekuona vile umefanya. Mshike."

"Gentrix, angalia hii mikono. Inatetemeka. Nitamwangusha."

Gentrix akaitazama ile mikono, wala hakurudi nyuma. "Basi kaa chini kwanza," akasema.

Adeke akakaa pale pale kwenye vumbi na gauni lake jipya, akanyoosha miguu, na Gentrix akainama akamwekea Emukule mapajani.