Mapacha wa Makanisa Mawili

Haya niliambiwa na mama mkwe wangu, Orysia, msimu wa plamu wa mwaka 1988, tukikoroga jamu uani. Jamu ile hukorogwa tangu asubuhi mpaka jua lizame na huwezi kuiacha, kwa hiyo hata mtu asiyependa kusema husema.

Katika mji wetu wa Verbets, Mpolandi akioa Myukreni, watoto wa kiume walibatizwa kanisa la baba na wa kike kanisa la mama. Hakuna aliyeona ajabu. Baba yake Orysia, Walenty, fundi wa mapipa, alikuwa Mpolandi. Mama yake, Ustyna, alikuwa Myukreni wa kwetu. Walizaliwa mapacha, yeye na Kazik. Jumapili Kazik alipelekwa kanisa la kilimani, Orysia akavushwa mto kwenda la mama, na mchana wakala supu bakuli moja.

Walipokuwa na miaka minane vita vikaisha, mpaka wa nchi ukasogezwa, ikatoka amri: Wapolandi wote wahamie ng'ambo ya mpaka mpya. Mji uliogopa orodha. Wayahudi wa sokoni waliandikwa orodha wakati wa Wajerumani, na nyumba zao zilikuwa zimebaki bila vioo wala watu. Sasa karani aliweka meza shuleni, akafungua vitabu vya ubatizo. Walenty na mwanawe waondoke na treni ya Alhamisi. Ustyna na bintiye wabaki. Ustyna angeweza kumfuata mumewe, lakini mama yake, bibi Nastia, alikuwa mwaka wa pili amelala juu ya jiko la udongo, pana kama kitanda, miguu haimchukui.

"Basi kila mtu na wake," alisema Walenty. "Wewe na wako, mimi na wangu."

"Wako yupi? Nimewazaa saa moja hao!"

Vijijini nyumba zilikuwa zikichomwa, za hawa na za wale, na Walenty aliogopa kubaki kama alivyoogopa kwenda. Asubuhi alifunga mizigo, mchana akaifungua, jioni akaifunga tena. Chakula alikula amesimama.

Orysia alisikia kisimani kwamba karani akiwa na shaka na mtoto, humwambia apige ishara ya msalaba. Wa kanisa la baba hugusa bega la kushoto kwanza. Wa kanisa la mama huunganisha vidole vitatu, huanza bega la kulia. Akaona njia ya kumbakiza ndugu yake. Akamvuta mpaka kwenye banda la mapipa.

"Kulia kwanza, kichwa boga wewe!"

"Si ndiyo nimefanya?"

"Hiyo kushoto!"

"Na wewe si umegusa upande huu huu?"

Walikuwa wametazamana, Kazik anamwiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Orysia akafikiri, kisha akageuza mkono wake mwenyewe. Akawa anagusa kushoto ili Kazik aguse kulia. Ikakubali. Siku tatu hawakufanya kingine. Mara walikuwa bandani, mara nyuma ya kibanda cha kuku, mara chini ya blanketi, mpaka mama akauliza kama wana upele.

Alhamisi wote wanne walikwenda shuleni. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamekalia mabunda. Zamu yao ilipofika Orysia alimpita baba yake.

"Mheshimiwa, mmekosea. Kazik ni wa kanisa letu."

"Kitabu kimekosea, wewe ndiye unayejua?"

"Muulize mwenyewe."

Kazik akaunganisha vidole vitatu, akapiga ishara, kulia kisha kushoto, safi kama aliyelelewa na padri. Karani akajikuna shingo.

"Na wewe, bibi mkubwa, hebu."

Orysia akapiga haraka, kwa maringo. Akaanza kushoto.

Nyuma yao mwanamke mmoja aliangua kicheko, kisha akaziba mdomo. Karani akachovya kalamu.

"Basi. Mvulana abaki, msichana aende."

Ustyna akakaa chini, pale pale sakafuni. Orysia alilia, "Nilikuwa namfundisha! Ni mkono umezoea!" Karani akasema anaandika anachokiona.

Walenty aliinama kwa binti yake. "Umemfundisha siku ngapi?"

"Tatu, baba."

"Mpaka ukasahau wako."

"Ndiyo, baba."

Akavua kofia, akamgeukia karani. "Andika wanabaki. Wote wawili, na mimi."

"Treni nyingine sikuahidi, fundi. Na wewe hebu nipigie huo msalaba, nione kama ni wetu."

"Mimi sina wa kunifundisha. Andika tu."

Karani akaandika.

Lakini treni haikuondoka. Ilisimama stesheni Alhamisi nzima, na Ijumaa, watu na mbuzi ndani ya mabehewa. Humo alikuwamo Bolek, ndugu yake Walenty.

"Pipa tupu wewe!" alipiga kelele kila alipomwona. "Utazikwa na nani huku? Panda! Nafasi yako nimeikalia kwa matako mawili!"

Walenty alirudi nyumbani, akanywa maji, akatoka tena kwenda stesheni. Mara tisa, alisema Orysia. Ustyna hakumzuia wala hakumwita. Alisikiliza viatu vyake vikiteremka, na hakuna hata mara moja aliyojua kama vitapanda tena kurudi.

Jumamosi mchana treni ikapiga honi. Walenty alikuwa huko. Ustyna alisimama mlangoni, unga mikononi, mpaka moshi ukapotea nyuma ya kilima. Hapo ndipo mumewe akaonekana kwenye tuta la reli, bila kofia. Alikuwa amempa Bolek.

"Wamekwenda," alisema. Akavua viatu, akajilaza kwenye benchi, akalala kabla supu haijapakuliwa. Kazik akajikunja miguuni pake.

"Nani amekwenda?" aliuliza bibi Nastia juu ya jiko. Kisha akarudi usingizini.

Ustyna alikaa chini, akaegemea mlango ili ukisukumwa aamke, na kichwa kikamwangukia kifuani. Nje kulikuwa kweupe pe. Orysia alibaki peke yake, akisikiliza pumzi zao wanne. Akazihesabu, akakosea, akaanza upya, na kabla hajafika mwisho naye akalala.