Jiwe la Msingi la Mtopanga

Jumanne saa tatu asubuhi, Nyamvula alikuwa akianika khanga juu ya jiwe la msingi la zahanati ya Mtopanga, lililowekwa miaka kumi na miwili iliyopita, redio ilipotangaza kwamba uchumi wa nchi umekua kwa asilimia tano. Jiwe nalo likakua. Khanga zikapanda hadi usawa wa kichwa chake.

"Mama, jiwe lamea," alimwambia mkwewe, Dama, aliyekuwa mkunga.

"Basi lina kiu. Leta mtungi."

Mifereji ilikuwa mikavu tangu Pasaka, kwa hiyo mtaa mzima ulilinywesha maji ya mkokoteni. Kufikia Ijumaa lilikuwa limetoa kuta nne. Jumapili, ibada ikiendelea, likachanua madirisha sita na paa la buluu. Raha iliyoje! Kwaya ilihamia pale pale na vigelegele vikasikika hadi Bamburi. Aliyefurahi kupita wote ni Nyamvula. Mtoto wake wa kwanza alifia ndani ya tuktuk, njiani kwenda hospitali, na huyu wa pili alibakiza siku chache tu.

Mumewe Karisa, mvunja mawe kwa miaka minane, aligonga ukuta akasikiliza.

"Ni jiwe mpaka ndani," akasema. "Na mlango siuoni."

"Bado changa," mamake akamjibu. "Wewe mwenyewe meno uliota mwaka wa pili."

Siku ya ufunguzi mheshimiwa alifika na mahema na spika kubwa. Alikuwa katikati ya hotuba kuhusu ukuaji Nyamvula aliposhikwa na uchungu. Wanawake walimbeba mbio wakalizunguka jengo mara tatu wakitafuta pa kuingilia. Mwishowe Dama alitandika khanga kivulini, chini ya dirisha la jiwe, akamzalisha hapo. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Umati ulilipuka kwa shangwe, na mheshimiwa akamtangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa zahanati.

Kisha akakata utepe, akatazama ukuta, akaitisha saruji. Papo hapo akaweka jiwe la msingi la mlango.

Watu walikwisha kupanga foleni na mitungi. Wakampisha Nyamvula, mtoto kifuani. Alilimwagia yeye wa kwanza, akauliza redio itatangaza tena lini.