Sufuria Ndogo ya Saa Kumi

Mama Pacha alikuwa amechoka, tena uchovu wa miaka kumi na tisa ya jiko la hospitali, ule unaoingia kwenye magoti ukapiga kambi. Kila siku alifika kazini saa kumi na moja alfajiri, akavaa kofia yake ya kitambaa, akawasha majiko mawili ya mwisho, yale ya wagonjwa wasioruhusiwa chumvi. Wapishi wenzake walizunguka, leo wodi hii, kesho wodi ile. Yeye hawakumhamisha hata siku moja. Mkuu wa jiko alisema mkono wake haukosei, na kwa sifa hiyo wakamfunga palepale.

Siku hiyo mwenzake mmoja alimshikia sehemu ya zamu, na saa tisa unusu akawa nje ya geti. Mtu mwenye akili timamu angekwenda nyumbani kunyoosha miguu. Mama Pacha alikwenda baa. Alikuwa anakwenda kumfumania mumewe.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa dereva wa basi kabla hajastaafu. Mwaka uliopita alianguka bafuni kwa presha, na daktari hakumumunya maneno: chumvi basi, pombe basi, na akianguka tena asitegemee kuinuka. Tangu hapo Mama Pacha akapika nyumbani vilevile alivyopika kazini. Jioni mume alikaa mezani, akala vijiko vitatu, akaweka kijiko chini. "Nimeshiba, Mama Pacha. Asante sana." Angemwamini, lakini mashati yalimsaliti. Mtu wa vijiko vitatu kwa mwaka mzima angekuwa anapwaya ndani ya nguo. Huyu kitambi chake kilikuwa kimetulia mahali pake kama mwenye nyumba.

Kisha wifi yake akaja na habari. "Wifi, mimi simo," alianza, na ukimsikia mtu anaanza hivyo ujue yumo mpaka shingoni. "Lakini kaka anaingia ile baa ya kona. Kila siku saa kumi. Nimemwona kwa macho yangu, na si mara moja."

Siku nne Mama Pacha alikaa na neno hilo kifuani. Usiku alimsikiliza mumewe akipumua, akawaza jinsi atakavyomkuta sakafuni kwa mara ya pili, na jinsi atakavyowapigia simu pacha wake, waliokuwa mbali makazini, kuwaambia baba yao amejimaliza kwa bia. Aliogopa sana. Siku ya tano akapiga moyo konde.

Baa yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokaa kwenye makutano ya mitaa miwili, mlango ukiwa umekatwa pembeni ili kila mtaa uhisi ni wake. Ndani kulikuwa na meza nne za plastiki, kreti zimepangwa mpaka dirishani, kalenda ya mwaka juzi, na wateja wawili waliokuwa wanabishana kuhusu mpira bila nguvu. Alijiandaa kupokewa na harufu ya bia iliyomwagika. Akapokewa na harufu ya kitunguu kinachokaangwa polepole, na tumbo lake likamwaibisha kwa kunguruma.

"Karibu, Mama." Mwenye baa alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa waya. Watu walimwita Fundi, kwa kuwa chumba hichohicho zamani kilikuwa karakana yake ya redio, mpaka watu walipoacha kutengeneza redio. "Kaa kwanza. Hiyo miguu imevimba. Umekula?"

Swali hilo hakulizoea. Kazini waliuliza kama chakula kimeiva, nyumbani waliuliza chakula gani. "Namsubiri mtu," alisema.

"Msubiri huku unakula. Yeye akichelewa, wewe hujapoteza kitu."

Alikubali shingo upande. Mpishi hakiamini chakula cha mpishi mwenzake, sembuse cha baa. Kutoka mezani aliliona jiko lote, mlango ukiwa wazi, akaanza kumkagua Fundi kama anayetafuta kosa la kumshitakia. Halikukawia. Fundi alidondosha mchuzi kwenye kiganja, akalamba. Akakamua ndimu, akadondosha, akalamba. Akasimama akatazama dari, akakwaruza tangawizi, akalamba tena. Mama Pacha alihesabu mara sita.

Jikoni kwao angefukuzwa kabla hajafuta mdomo. Miaka mingi nyuma wagonjwa wa wodi moja waliharisha, na ingawa chanzo hakikujulikana, ukutani lilibandikwa tangazo kwamba ni marufuku mpishi kuonja. Kila kitu kikawa cha vipimo: vikombe viwili vya hiki, miiko mitatu ya kile, dakika arobaini, zima. Mwenzao mmoja alilamba mwiko kwa mazoea, akarudishwa nyumbani wiki mbili. Wengine walilalamika, kisha wakazoea. Mama Pacha alizoea kuliko wote.

Sahani ikaja: kipande cha kuku, viazi, mboga za majani, na mchuzi mwekundu uliochezea ukingo. Alichota kwa dharau. Kijiko kikafika mdomoni, na dharau yote ikamwisha.

Mungu wangu, kilikuwa kitamu! Nyanya ilikuwa imepikwa mpaka ikawa na utamu wake mwenyewe. Kitunguu kilikuwa kimeungua kidogo, kwa makusudi, na nyuma yake kulikuwa na kitunguu saumu, halafu ndimu, halafu pilipili iliyopita haraka bila kugombana na mtu. Kuku alikuwa laini mpaka kwenye mfupa. Mama Pacha alikula kijiko cha pili, cha tano, cha nane, akasahau alichofuata. Katikati ya sahani mkono wake ukasimama. Ulimi wa miaka kumi na tisa ulikuwa umegundua jambo.

"Fundi! Huu mchuzi hauna chumvi."

Fundi alikuja mbio. "Aa, samahani, Mama! Nimekupakulia sufuria ndogo. Ile kubwa bado inatokota, mkono ukaenda tu. Lete nikubadilishie."

Mama Pacha aliifunika sahani kwa kiganja. "Hiyo ndogo ni ya nani?"

"Ya mzee mmoja, dereva mstaafu. Ana presha. Huja saa kumi kamili, unaweza kurekebishia saa." Fundi alijiegemeza kwenye kreti, amefurahi kupata msikilizaji. "Mwaka jana alikuja akakaa hapohapo ulipo, akaagiza bia, akaitazama mpaka povu likaisha. Hakuigusa. Nikamwuliza, vipi mzee, nikubadilishie? Akaniambia, kijana wangu, bia siitaki, nina njaa."

"Kwani nyumbani kwake hawapiki?"

"Nami nilimwuliza hivyohivyo. Akasema wanapika. Mke wangu, akasema, anapikia watu mia mbili tangu alfajiri, halafu anarudi kunipikia mimi, wa mia mbili na moja. Kikinifikia, chakula kimechoka kama yeye. Nitamwambiaje?" Fundi alitikisa kichwa. "Tulihangaika karibu mwezi mzima, Mama. Chakula bila chumvi lazima uonje, uonje tena, maana huna pa kujifichia."

Mama Pacha aliondoa kiganja sahanini. Kwanza ulimjia unafuu, ukamlegeza mabega: hanywi, hatakufa kwa bia. Nyuma ya unafuu likaja lile lingine, likamkata maini. Bia angeipigia kelele, angeita wifi, angeita hata kiongozi wa dini. Sasa angempigia kelele nani, kuku? Mumewe alikuwa anaondoka nyumbani kila siku kwenda kutafuta chakula kinacholika, na mke ni mpishi. Ndipo alipojiuliza ni lini mara ya mwisho alionja sufuria yake mwenyewe, hata ile ya nyumbani, ambayo haina tangazo wala mkuu wa jiko. Alitafuta siku hiyo, akaikosa. Mikono yake ilikuwa inapima yenyewe, dakika arobaini, zima.

Saa kumi kamili Baba Pacha aliingia, amechomekea shati, kofia mkononi. Alimwona mkewe. Akaiona sahani. Akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa.

"Mama Pacha."

"Baba Pacha."

Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akarudi jikoni akajitia kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Mzee alikaa taratibu. "Sinywi."

"Najua."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

Alifikiri kweli, hakubabaisha. "Kila siku. Halafu unarudi, unavua viatu pale mlangoni, naona unavyoshika ukuta. Nasema, basi, kesho."

"Mwaka mzima!" Sauti ilimpanda, wale wa mpira wakageuka. "Mwaka mzima naungua jikoni, wewe unaniangalia tu, unaniambia umeshiba!"

"Ningesema hakina ladha, ungefanyaje?"

Wote wawili walijua jibu. Angeamka saa tisa usiku badala ya saa kumi, angepika kingine, na kingine, angesimama mpaka adondoke.

"Ndiyo maana nilikula vile vijiko vitatu," alisema mzee. "Ili usisimame tena."

Mama Pacha aliinamia sahani. Kulikuwa na jambo moja alilokuwa hajamwambia mtu yeyote, na sasa halikuwa na sababu ya kuendelea kukaa ndani. "Mimi hata hivyo vitatu sikuwa nakula," alisema polepole.

"Si huwa unakula kazini?"

"Mkate. Chai na mkate, nimesimama. Nikirudi nakwambia nimekula kwa kuwa sina nguvu hata ya kutafuna. Sijui chakula changu kina ladha gani, Baba Pacha. Nilikipika kwa ajili yako tu."

Mzee aliweka kofia mezani. "Na mimi nilikuwa nakaa pale mezani kwa ajili yako."

Walitazamana. Mwaka mzima, kila jioni, nyumba yao ilikuwa imepika chakula ambacho hakuna aliyekitaka, mmoja akikipika kwa huruma na mwingine akikimeza kwa huruma, na kesho yake sufuria inaoshwa wanaanza upya. Baba Pacha ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha puani, cha mtu anayeogopa kuchapwa. Mama Pacha naye kikamtoka. Alicheka mpaka akashika meza, na kabla hakijaisha aligundua kwamba analia, na kwamba hana nguvu ya kujizuia wala hataki.

"Leo sipiki," alisema, pua imeziba.

"Usipike."

"Na kesho sipiki."

"Usipike, Mama Pacha."

Alisubiri aongeze kitu: ila, lakini, labda Jumapili. Mzee hakuongeza. Alivuta kiti chake, akaketi karibu naye, bega kwa bega, akaagiza sahani yake. Miaka kumi na tisa Mama Pacha alikuwa ameambiwa pika, ongeza, harakisha, pakua, na hakuna binadamu aliyewahi kumwambia usipike, hata mama yake mzazi. Aliegemea bega la mumewe, akafumba macho palepale baani, jua likiwa bado kali nje. Fundi alipoleta sahani ya pili alimkuta amelala fofofo, na Baba Pacha akamwashiria kwa kidole aiweke mezani taratibu.