Madoa Mguuni mwa Fundi

Fundi cherehani alidhani ni rangi ya kitambaa. Alikuwa ameshinda akishona sare za zambarau, na alipovua kiatu jioni akaona madoa mawili karibu na kifundo cha mguu. Akasugua kwa sabuni. Wapi! Baada ya wiki tatu yalikuwa matano, moja limevimba kama harage.

Mwanamke huyu alikuwa katika mwaka wa nne akiishi kwa figo ya kaka yake, mchomelea mageti. Kila siku alimeza dawa za kushusha kinga, mwili usije ukaishambulia figo hiyo ngeni. Akaenda kliniki, daktari akakata kinyama kidogo kikapimwe.

"Ni saratani," daktari alimwambia majibu yalipotoka. "Ya nadra. Huwapata watu ambao kinga yao imeshuka. Kwako, dawa ndizo zilizoishusha."

"Dawa hizi hizi zinazoniweka hai?"

"Hizo hizo. Tutapunguza moja, nyingine tuibadilishe. Mara nyingi madoa hurudi nyuma. Lakini mwili unaweza kuikataa figo. Sikufichi."

Saratani haikumtisha kama kumkabili kaka yake. Mtu kakukatia kipande cha mwili wake, unaanzaje kumwambia kinaweza kupotea? Siku mbili akapiga chenga. Ya tatu akamfuata karakana, akamweleza yote bila kumtazama usoni.

Kaka akavua miwani ya kuchomelea. "Mdogo wangu, figo nilikupa au nilikuazima?"

"Ulinipa."

"Basi ni yako. Mimi namtaka dada, figo itajijua yenyewe. Ila ikigoma usinikodolee macho, nimebaki na moja tu!"

Akacheka mwenyewe, kisha akageukia ukuta kupangusa macho.

Dawa zikabadilishwa. Mwezi wa pili figo iliyumba, fundi akalazwa siku nane, ikatulia. Mwezi wa tano madoa yakaanza kufifia, na lile lililovimba likasinyaa. Moja bado lipo. Daktari hulipima kwa rula kila kliniki. Siku hizi fundi anashona nusu siku, maana huchoka upesi, na wateja wenye haraka huwaelekeza kwa jirani. Kaka humsindikiza kliniki bila kuombwa, akabishana na wauguzi kuhusu foleni hadi dada mtu aone haya.