Kisanduku Kisichokubali Watu Wawili

Katika soko moja la Arequipa, nchini Peru, kulikuwa na ubishi usiokwisha, wa chungwa na kijani. Wanunuzi waliolipa kwa simu kupitia mtandao wa chungwa hawakutaka kusikia habari za kijani, na wa kijani vivyo hivyo. Wauzaji ndio waliobaki kukuna vichwa.

Nilda, muuza viazi, alikuwa wa chungwa kwa miaka. Alipokea pia malipo kwa niaba ya jirani yake Eusebia, mjane aliyeuza viazi meza ya pili na aliyekuwa na simu ya kitochi tu. "Mlipe jirani," Eusebia aliwaambia wateja, na Nilda akampa sarafu.

Kisha akaja binti mwenye fulana ya kijani, na kisanduku kinachotangaza malipo kwa sauti. Chungwa hawakuwa nacho. Nilda, aliyechoka kuvaa miwani kila mteja akilipa, akahamia kijani.

"Umepokea soli nane!" kikapaza sauti siku ya kwanza.

Eusebia akapiga makofi. "Mama yangu! Kina mdomo kuliko marehemu mume wangu!"

Lakini fedha zile, soli nane, zilikuwa za viazi vya Eusebia. Zilizofuata pia. Soko zima liligeuka kutazama kisanduku cha Nilda kikimwitia mwenzake riziki, na Nilda hakulipenda hilo.

"Jirani," alisema akipangua viazi vilivyokwisha kupangwa, "yule binti amesema hakikubali watu wawili. Watakifunga."

Binti hakusema hivyo.

"Basi tuache, jirani," Eusebia akajibu. "Tusije tukakiharibu."

Tangu hapo meza ya Nilda ikachangamka, naye akakisifu kisanduku. Viazi vya Eusebia vilianza kulala sokoni. Mwezi Juni baridi ilimwingia kifuani, na kabla Julai haijaisha wakamzika. Nilda alitembea mbele na maua. Ndugu wa marehemu walimshukuru kwa ujirani mwema, naye akainamisha kichwa.

Siku moja alikuwa akimpimia viazi Don Fermín, fundi saa mstaafu.

"Wewe si ulikuwa mteja wa marehemu?" Nilda aliuliza.

"Nilikuwa. Alinifukuza."

"Eusebia? Amfukuze mtu?"

"Nikitaka kulipa kwa simu, ananiambia nenda kwa jirani, viazi vyake ni vizuri. Nikamwambia, si nimlipe Nilda halafu akupe sarafu kama zamani? Alinikaripia huyo! 'Usimharibie jirani kisanduku chake!' Sote alituleta kwako hivyo, mama."

Nilda akatia konzi moja ya nyongeza kwenye mfuko. Akatia nyingine. Akaendelea kutia.

"Mama Nilda, unanihamishia meza?" Don Fermín akacheka. Alipomtazama usoni akachukua mfuko wake, akaenda zake.

Mwezi Novemba, Saturnina, mdogo wake Eusebia, aliteremka kutoka milimani kuishika ile meza. Alifunga leso kichwani kama dada yake, na kitochi chake kilikuwa kimezungushiwa mpira kisifunguke. Mteja wake wa kwanza aliinua simu kutaka kulipa.

"Jirani," Saturnina akamgeukia Nilda, "dada aliniambia kisanduku chako hakikubali watu wawili. Bado ni hivyo?"

Nilda angeweza kusema wamekirekebisha. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na hakuna ambaye angelichunguza.

"Kinakubali," alisema. "Tangu siku ya kwanza kilikuwa kinakubali. Nilimdanganya."

Saturnina akainamia viazi vyake. Mteja, asiyejua la kufanya, akabonyeza simu yake.

"Umepokea soli sita!"

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Nilda akatoa sarafu kwenye aproni, akanyoosha mkono juu ya viazi vyake. Mkono ukakaa hewani kitambo. Kisha Saturnina akazipokea bila kumtazama, akamgeukia mteja, akamwongezea viazi viwili.