Nafasi ya Mtu Mmoja

Ugonjwa wa Coletha ulikuwa kusema ndiyo. Miaka mitatu ya chuo ilimfundisha kamera ndani na nje, lakini hakuna mwalimu aliyemfundisha kumkatalia mteja. Kabla hajafikiri, alijisikia mwenyewe akisema, "Sawa, mama. Sawa, baba," na jioni akabaki chumbani kwake Overport, mjini Durban, akijilaumu mpaka usingizi umchukue.

Wiki ile ya Mei alisema ndiyo mara mbili, na ndiyo zile mbili hazikuweza kukaa pamoja.

Jumatano alipigiwa na Apollinaire, Mkongo wa Uvira, shemasi wa kanisa na mlinzi wa magari kwenye maegesho ya maduka. Coletha alimwamkia shikamoo, na kama kawaida yule mzee akacheka, akamwita binti yake kwa Kifaransa.

"Wewe na shikamoo yenu ya Tanzania! Bonjour, ma fille. Sikiliza. Jumamosi, ile foto, tutakuya watatu. Lakini utatupanga kama tuko wane. Kati yangu na maman utaacha nafasi ya mutu mumoja. Nitakutumia foto ya zamani ya Israël, utamubandika. Siku hizi munaweza, si ndiyo?"

"Tunaweza, baba."

"Maman asijue."

"Sawa, baba."

Alhamisi akapiga Marie-Louise, mkewe. Alikuwa anaongea chinichini, maji ya bomba yakimiminika nyuma yake ili asisikike sebuleni.

"Ma fille, Israël atakuya. Nimemwandikia. Hajajibu, lakini zile alama mbili za bluu nimeziona, amesoma. Utamungoja, hata jua likienda. Nimemushonesha shati ya kitenge chetu. Usimwambie papa."

"Sawa, mama."

Habari ya Israël ilijulikana kwa kila Mkongo wa kanisa lile. Alikuwa kifungua mimba wao, miaka ishirini na tatu. Mwezi wa kumi na mbili aliondoka nyumbani akaenda kuishi mtaa wa Clairwood, alikokuwa akiendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala, pamoja na msichana wa Kizulu. Hakutuma wazee kwa wazazi wa msichana, hakufunga ndoa, hakuomba ruhusa ya mtu. Apollinaire alinyanyua kiti cha mwanawe mezani akakipeleka kibarazani, na kiti kikanyeshewa mvua zote za miezi ile ya joto hadi mbao zikaanza kufunguka. Hakuna aliyethubutu kukirudisha.

Ingebaki hivyo, kama si Koko, mama yake Marie-Louise, kupigwa na kiharusi kule Uvira. Upande wake wa kulia ulikufa. Kwa upande uliobaki aliomba kitu kimoja tu: picha ya watu wake wa Durban, wote, asikosekane hata mmoja. Na iwe na majani yaliyoanguka, kama ile picha aliyotuma Huguette, mpwa wa Marie-Louise, kutoka Kanada, familia nzima imesimama katikati ya majani mekundu kama watu waliowashiwa moto na hawaungui.

Shida ni kwamba Durban haina majani mekundu. Mei inapofika, miti mingi inabaki na ukijani wake, na kinachobadilika ni jua: linaacha ukali wake, linakuja ubavuni, rangi ya chai ya maziwa, na saa kumi na moja limekwisha. Coletha aliipenda saa ile kuliko zote za mwaka. Majani hakujua angeyatoa wapi.

Jumamosi, saa tisa na nusu, alipofika kwenye bustani ya juu ya mtaa wa Berea, alimkuta Apollinaire ameshika gunia.

"Njo haya," akasema, akalifungua. Lilijaa majani makavu, ya manjano na kahawia, hakuna lililooza wala lililovunjika. "Pale kwa maegesho yetu iko miti mbili ya kizungu. Wiki mbili naokota. Moja moja. Wenzangu banasema huyu shemasi amechanganyikiwa."

Akaanza kuyamwaga kwenye nyasi, na mara mlinzi wa bustani akaja mbio na ufagio. "Hey, baba! No dumping!"

"Hii si takataka, ni majani!"

"Majani ya hapa ni yetu. Hayo yametoka nje," alisema yule mlinzi kwa Kiingereza chake, akanyoosha ufagio kama mpaka wa nchi.

Deborah, binti wa miaka kumi na sita, ndiye aliyeyamaliza. Alimwongelesha kwa Kizulu cha shuleni, akamwita malume, yaani mjomba, akaapa watayarudisha yote guniani. Mlinzi akaondoka akinung'unika. "Eish, papa," Deborah akasema, "ukimbizi wa watu sawa, sasa hata majani yetu hayana karatasi." Wakacheka, na Coletha akacheka nao.

Walikuwa wamependeza. Kitenge kimoja cha bluu na maua ya dhahabu kilikuwa gauni la mama, shati la baba na sketi ya Deborah. Ndani ya mfuko wa plastiki, kwapani kwa Marie-Louise, kulikuwa na kitu kingine cha bluu kilichokunjwa vizuri. Apollinaire aliuona mfuko ule. Hakuuliza.

Akajipanga mwenyewe. Akamsimamisha mkewe, akapiga hatua moja ya pembeni, akapima kwa mkono wake kutoka bega hadi bega. Pengo likabaki kati yao, upana wa kijana mwembamba.

"Hapa," akamwambia Coletha bila kumtazama.

Marie-Louise alilitazama pengo. Akamtazama mumewe. Polepole uso wake ukaanza kufunguka.

"Papa Israël," akasema, "umemuachia nafasi?"

Apollinaire akakohoa.

"Mimi nilizani moyo yako imekufa. Kumbe unamungoja, sawa na mimi." Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Mungu akubariki. Vraiment, kweli kabisa."

Nyuma ya kamera, Coletha alihisi uso unamwaka. Alitaka kusema kitu, chochote. Akainamia stendi ya miguu mitatu, akaanza kukaza skrubu iliyokuwa imekaza tayari.

Wakangoja. Ili kuvuta muda, Coletha akapiga picha za kujaribia, akabadilisha lenzi, akairudisha. Ikafika saa kumi, ikafika kumi na nusu. Jua lilishuka likagusa paa za ghorofa za Overport, na vivuli vya miti vikaanza kutambaa kwenye nyasi kuelekea majani ya Apollinaire.

"Dada, piga," Apollinaire akasema. "Jua linaenda."

"Bado," akasema Marie-Louise.

"Tunangoja nini?"

"Si Israël?"

"Nani amemuita?"

"Mimi. Na wewe, kama hukumuita, nafasi uliacha ya nini?"

Deborah ndiye aliyejibu, macho kwenye viatu vyake.

"Ya kumbandika, maman. Nimeiona kwa simu yake. Ile foto ya siku alipomaliza shule."

Pembeni, ndege weusi wenye midomo mirefu, hadeda, walipiga kelele zao mbaya wakaruka. Marie-Louise hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Ma fille," alimgeukia Coletha, "ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na mimi uliniambia sawa."

"Nilikuambia sawa."

"Kwa hiyo mama yangu ningemutumia mutoto wa mukasi na gundi."

"Mama yako anakufa, Marie-Louise!" Apollinaire alilipuka. "Anataka kuona mutoto, atamuona! Ulitaka nimuandikie kwamba mujukuu yake anaishi na mwanamuke kama kuku wa barabarani?"

"Papa," Deborah akasema. "Wamefika."

Walikuwa wakipanda njia kutoka kituo cha taksi. Israël alikuja na buti zake za kazini na fulana ya kung'aa mkononi, amenenepa mabega, si yule kijana mwembamba wa kwenye simu ya baba yake. Nyuma yake alikuja msichana aliyejifunga shali mabegani. Shali ilikuwa kubwa, lakini haikulificha tumbo. Mtu yeyote aliyekwisha kuona mwanamke mjamzito angesema miezi saba.

Marie-Louise aliweka mkono mdomoni. Hilo hakulijua.

"Huyu ni Nokwazi," akasema Israël.

Nokwazi hakusogea. Aliwasalimu kwa Kizulu, "Sanibonani," kwa sauti ndogo, macho chini, kisha, kabla hajakaribishwa na yeyote, akashuka taratibu akakaa kwenye nyasi, miguu ameikunja upande mmoja, uso ameuelekeza ardhini.

"Umeona?" Apollinaire alimgeukia mkewe. "Sisi wazee tumesimama, yeye anajikalia! Hata kuniangalia hataki! Na wewe, Israël, njo huyu ulimuacha baba yako kwa sababu yake?"

"Papa, hapana!" Deborah alimshika mkono. "Ni heshima. Kwao mkwe hasimami juu ya baba mkwe, wala hamtazami machoni. Amekaa chini kwa sababu yako. Uliza mtu yeyote."

Apollinaire alimtazama yule msichana aliyekaa kwenye majani yake, yale aliyookota moja moja, na ilikuwa wazi kwamba hajui aweke wapi hasira iliyokuwa imeshatoka.

"Israël, simama pale," akasema mwishowe. "Tumalize. Huyo atangoja."

"Kama yeye hayuko kwa foto, papa, mimi pia siko."

"Nafasi iko ya mutu mumoja!"

"Basi tutaenda."

Marie-Louise alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Kivuli kilikuwa kimefika kwenye ukingo wa majani. Dakika tano, Coletha alikadiria, labda nne. Ndipo aliposikia mtu akizungumza, akashangaa kwamba ni yeye.

"Tukae chini wote," alisema. "Mama, kaa karibu na Nokwazi. Deborah, huku, mbele kidogo. Kaka Israël, nyuma ya mwenzio. Baba, karibu."

Marie-Louise alikuwa wa kwanza. Alikusanya gauni lake akashuka kwenye majani kwa kishindo, akamshika Nokwazi mkono bila neno, kwa sababu neno la kuwafaa wote wawili hakulijua. Deborah akafuata. Israël akapiga goti. Mfuko wa plastiki ukabaki kwenye nyasi. Hapakuwa na muda wa shati.

Apollinaire alirudi nyuma hatua mbili, akatoka kwenye picha.

"Piga," akasema. "Mimi utanibandika."

Pale pale lile neno la kawaida likaja kwenye ulimi wa Coletha, tayari kama maji ya bomba.

"Hapana, baba," akasema.

"Nini?"

"Simbandiki mtu aliyesimama mbele yangu. Koko ameomba wote. Ukibaki huko, nitapiga, na ataona haupo."

Hakuwahi kuongea hivyo na mtu wa umri wa baba yake. Apollinaire alimtazama, kisha akalitazama jua. Alizunguka, hakukaa. Akasimama nyuma yao wote, wima, kidevu juu, na akiwa hajui afanye nini na mkono wake wa kulia, akaunyanyua kuelekea bega la mwanawe.

Coletha alibonyeza mara nne. Ya tano, jua lilikuwa limekwenda.

Hakuna aliyekumbatiana. Nokwazi aliinuliwa na Marie-Louise. Israël akapewa shati lake, akalipachika begani, akasema taksi za Clairwood zinapungua jioni. Apollinaire alikuwa amewapa mgongo, ameinama na gunia, anakusanya majani kama alivyoahidiwa mlinzi. Aliyakusanya hadi wale wawili walipopotea kwenye kona ya chini, na ndipo tu alipoinua kichwa.

Jumapili asubuhi Coletha alimtumia Marie-Louise picha aliyoichagua, ya tatu. Baada ya ibada akapata ujumbe wa sauti: imefika Uvira, Koko ameishika karibu kabisa na jicho lake zima, amehesabu watu, na anasema wako sita, pamoja na yule wa tumboni. Marie-Louise alisema hivyo akicheka.

Saa kumi na moja, simu ikalia tena. Alikuwa Apollinaire. Ameandika, hakupiga.

"Dada, bonjour. Foto ni nzuri. Lakini mkono wangu haukufika. Unaweza kuufikisha?"

Coletha aliifungua picha kwenye kompyuta, akaikuza. Ilikuwa kweli. Mkono wa Apollinaire ulikuwa juu ya bega la Israël, umefunguka, vidole vimetulia. Kati ya kiganja na bega kulikuwa na hewa, unene wa kidole kimoja, na jua la mwisho lilipita katikati yake. Kuusogeza ingekuwa kazi ya dakika mbili. Hata Koko asingejua. Pengine hata Israël.

Aliandika, "Sawa, baba." Akaliangalia lile neno. Akalifuta, akaandika upya:

"Hapana, baba. Samahani. Clairwood si mbali."

Akatuma kabla woga haujamshika, akaiweka simu mezani, akakaa akiitazama. Zile alama mbili zikageuka bluu. Alingoja hadi chumba kikawa giza, na jibu halikuja.