Upande wa Kulia wa Mlango

Baba yangu Ondieki alikwenda Vita vya Pili vya Dunia na jeshi la Waingereza nikiwa bado tumboni mwa mama, na hakurudi. Kaburi lake liko Sri Lanka. Mwaka huu kiwanda cha chai cha huku kwetu Nyamache kilimpeleka mjukuu wangu Natasha nchi hiyo kwa mafunzo. Siku yake ya kupumzika akapanda basi mpaka kwenye makaburi ya wanajeshi. Hakuna aliyemtuma.

Alinipigia simu ya video. Nikaliona jiwe, jina likisomeka vizuri, na maua mekundu chini yake. Nililia kidogo, kisha nikauliza lililonisumbua maisha yangu yote.

"Amelazwa upande gani wa nyumba?"

"Magokoro," akaniita, yaani bibi yake, "hapa hakuna nyumba. Ni makaburi tu, mistari kwa mistari."

Kwetu Kisii mwanamume huzikwa upande wa kulia wa mlango wake, mwanamke kushoto. Asiye na mlango ni mgeni aliyepita tu. Sikutaka baba awe mgeni hadi leo.

"Kuna kibanda pale," akasema.

"Simama mlangoni, uangalie nje."

Akasimama.

"Ni kushoto, Magokoro."

Wifi yangu Mong'ina alikuwa kando yangu akimenya ndizi. "Basi huko ni mke wa mtu," akasema. Siku nyingine ningecheka.

Mtunza makaburi, mzee Sunil, akamwuliza Natasha kuna nini. Wakaongea Kiingereza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaonyesha ng'ambo ya ua.

"Anasema kibanda ni cha kuweka majembe, si nyumba ya mtu," Natasha akaniambia. "Nyumba yake ndiyo ile nyuma ya miti. Ukisimama mlangoni pake, babu yuko kulia. Baba yake mzee huyu ndiye aliyefanya kazi hii kabla yake, na alikuwa akiwaamkia wote waliozikwa hapa kila asubuhi. Niende nikahakikishe?"

"Usiende. Mpe simu."

Nikamshukuru kwa Ekegusii, maana Kiingereza sina, na Kiswahili kisingemsaidia. Akaniitikia kwa lugha yake, akainamisha kichwa. Mong'ina naye akaweka kisu chini, akamsalimu.

Mtu aliyemwagilia baba maua miaka yote hiyo, akisema baba yuko kulia, basi yuko kulia.